Kwa nini bawa la mtambo wa upepo hukakamaa linapozunguka, na kwa nini hesabu yake inahusu usalama

Mitambo 365 ya kuzalisha umeme kwa nguvu ya upepo iliyosimikwa karibu na Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit nchini Kenya, ina jumla ya mabawa 1,095. Kila bawa lina urefu wa takriban mita 25. Mtambo unapofanya kazi kwa kasi yake ya kawaida ya mizunguko 26 kwa dakika, ncha ya bawa hukata hewa kwa mwendo wa kilomita 255 kwa saa. Kwa macho ya mtu aliye mbali, mabawa hayo huonekana yakizunguka taratibu na yakiwa manyoofu kama rula. Kwa hakika hupinda, hujikunja na kutetemeka kila sekunde, na wahandisi hulazimika kukokotoa mienendo hiyo yote kabla bawa halijatoka kiwandani.

Mradi huo wa Ziwa Turkana, wenye uwezo wa megawati 310, ulizinduliwa rasmi mwezi Julai 2019. Mitambo ya aina hiyohiyo ipo pia katika vilima vya Ngong, ambako kampuni ya umma ya KenGen huzalisha megawati 25.5. Kipeto, katika Kaunti ya Kajiado, ina mitambo 60 mikubwa zaidi, yenye mabawa ya takriban mita 50. Tanzania nayo ina mitambo ya upepo ya Mwenga, wilayani Mufindi mkoani Iringa. Taarifa za serikali kuhusu miradi ya namna hii hutaja megawati, gharama na urefu wa njia za kusafirisha umeme. Ni nadra kutaja sayansi inayohakikisha kwamba bawa halitavunjika wala kugonga mnara wake katika muda wa miaka 20 ya kazi. Makala haya yanaeleza sayansi hiyo.

Kwa lugha ya uhandisi, bawa ni boriti nyumbufu iliyoshikiliwa upande mmoja na kuachwa huru upande wa pili. Neno boriti si geni kwa wakazi wa pwani. Kwa karne nyingi nyumba za mawe za Lamu, Zanzibar na miji ya Ghuba ziliezekwa kwa boriti za mikoko, na upana wa vyumba vyake uliamuliwa na urefu ambao nguzo hizo zingeweza kubeba dari bila kupinda kupita kiasi. Waashi hao walifahamu kwa uzoefu jambo ambalo Leonhard Euler na Daniel Bernoulli walilitungia milinganyo katika karne ya 18: boriti ikiongezwa urefu kidogo tu, kupinda kwake huongezeka kwa kiasi kikubwa.

Milinganyo hiyo hadi leo hutumika kusanifu madaraja na majengo. Hutoa pia kipimo muhimu kinachoitwa masafa asilia, yaani idadi ya mitetemo ambayo boriti hufanya kwa sekunde moja ikivutwa kando na kuachiliwa. Kipimo chake ni hezi. Rula ya plastiki ikibanwa ukingoni mwa meza na kupigwa kwa kidole hutetemeka kwa masafa yake asilia. Ikisogezwa ndani ili sehemu iliyo nje iwe fupi, mtetemo huwa wa haraka zaidi.

Hata hivyo, daraja halizunguki. Boriti inapoanza kuzunguka, kila chembe yake huvutwa kuelekea nje, kama maji yanavyobaki ndani ya ndoo inayozungushwa kwa kamba. Nguvu hiyo ni kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Katika mtambo wa aina iliyoko Loiyangalani, kipande cha kilo moja kilicho kwenye ncha ya bawa huvutwa kuelekea nje kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 20. Bawa zima hukazwa, na kitu kilichokazwa hupinda kwa shida. Mpiga gitaa anayekaza uzi ili sauti ipande hutumia kanuni hiyohiyo.

Ushahidi wa wazi kabisa huonekana kwa helikopta. Ikiwa imeegeshwa, mapanga yake marefu hulegea na ncha zake huinama kuelekea ardhini. Injini inapowashwa na mapanga kushika kasi, hunyooka. Hakuna chuma kilichoongezwa wala sehemu iliyofungwa upya. Ukakamavu huo wa ziada umetokana na mzunguko wenyewe. Mwaka 1921 Waingereza R. V. Southwell na Barbara Gough, waliokuwa wakichunguza mitetemo ya rafadha za ndege, walitoa kanuni fupi ya kukadiria jambo hilo: mraba wa masafa ya bawa linalozunguka ni sawa na mraba wa masafa yake likiwa limesimama, ukijumlisha mraba wa kasi ya mzunguko uliozidishwa kwa namba maalumu inayotegemea umbo la bawa na jinsi linavyotetemeka. Kanuni hiyo imetimiza zaidi ya miaka 100 na bado ni hatua ya kwanza katika usanifu.

Mtu angetarajia kwamba baada ya hapo suala lilikuwa limekwisha. Halikuwa. Kompyuta zilipoanza kutumika kuiga mienendo ya mashine zenye viungo vingi, kosa dogo la kihisabati liliingia katika programu nyingi, na likakaa humo bila kutambuliwa kwa muda mrefu.

Kosa hilo linahitaji kuelezwa kwa utaratibu. Boriti inapopinda kando, urefu wake haubadiliki, lakini ncha yake husogea kidogo kuelekea kwenye mhimili wa mzunguko. Atakayeshika fimbo nyembamba ya mwanzi na kuipinda ataona ncha yake ikikaribia mkono. Usogeaji huo ni mdogo mno: ncha ya boriti ya mita 10 ikipinda kando kwa sentimita 10, husogea ndani kwa chini ya milimita moja. Katika hesabu za kawaida za majengo, mhandisi hufuta kiasi kidogo kama hicho ili milinganyo iwe rahisi, na hapati hasara yoyote. Katika boriti inayozunguka, milimita hiyo ndiyo inayobeba habari yote. Ili ncha isogee ndani, ni lazima ishindane na nguvu kubwa inayoivuta nje. Na ushindani huo ndio ukakamavu wenyewe. Mwandishi wa programu akiifuta milimita hiyo mapema, anafuta ukakamavu pia.

Kibaya zaidi, hakufuti nguvu ya kuvuta nje. Nguvu hiyo hubaki katika mlinganyo, na kwa boriti inayoyumba katika ubao wa mzunguko husukuma ncha izidi kwenda mbali na mstari wake. Programu ya namna hiyo hudai kwamba mzunguko hulegeza boriti, kinyume kabisa na hali halisi.

Hesabu fupi inaonesha ukubwa wa tofauti. Ichukuliwe boriti sare, iliyofungwa kwenye mhimili, yenye masafa asilia ya hezi 1 ikiwa imesimama. Izungushwe mara moja kwa sekunde. Hesabu sahihi huonesha kwamba mtetemo wake wa kupanda na kushuka, yaani ulio wima kwa ubao wa mzunguko, huongezeka hadi hezi 1.48, na ule wa kwenda mbele na nyuma ndani ya ubao huo hufika hezi 1.09. Hesabu yenye kosa hutoa sifuri kwa mtetemo huu wa pili. Sifuri hapa maana yake ni kwamba boriti imepoteza uwezo wote wa kurudi mahali pake. Kasi ikiongezwa kidogo tu, kompyuta itaonesha ikipinda bila kikomo.

Mwaka 1987 watafiti watatu wa Marekani, T. R. Kane, R. R. Ryan na A. K. Banerjee, walichapisha utafiti ulioliweka jambo hili hadharani. Walichukua boriti iliyofungwa kwenye kitako kinachosogea, wakaizungusha kutoka kusimama hadi kasi kubwa, na kulinganisha majibu ya mbinu yao na yale ya mbinu zilizokuwa zikitumika katika programu za wakati huo. Mbinu yao ilionesha boriti ikiinama nyuma kidogo wakati kasi inapanda, kisha ikinyooka. Mbinu za zamani zilionesha boriti ikijipinda mpaka kupoteza maana. Utafiti huo ulihusu hasa vyombo vya anga za juu vyenye mikono na antena ndefu, ila fundisho lake liliwagusa wote wanaosanifu vitu virefu, vyembamba na vinavyozunguka.

Sekta ya anga ilikuwa tayari imeonywa kwa njia nyingine. Explorer 1, setilaiti ya kwanza ya Marekani, iliyorushwa mwaka 1958, ilisanifiwa izunguke kwenye mhimili wake mrefu kama mkuki. Antena zake nne za waya laini zilipotikisika zilipoteza nishati kidogokidogo, na ndani ya muda mfupi setilaiti ikageuka na kuanza kuzunguka kwa ubavu. Waya chache nyumbufu zilitosha kubatilisha hesabu iliyoichukulia setilaiti nzima kuwa kitu kigumu.

Kwa mitambo ya upepo, kujua masafa ya bawa kuna lengo moja la msingi, nalo ni kuepuka resonansi. Resonansi hutokea pale kitu kinaposukumwa kwa mdundo unaolingana na masafa yake asilia. Mtoto anayesukumwa kwenye bembea hupanda juu kwa sababu kila msukumo humfikia kwa wakati wake. Bawa husukumwa kwa midundo ya aina hiyo wakati wote. Uzito wake hulivuta upande mmoja likipanda na upande mwingine likishuka, mara moja kwa kila mzunguko. Upepo wa juu huvuma kwa kasi kuliko ule ulio karibu na ardhi, hivyo bawa hupata msukumo mkubwa juu na mdogo chini. Mnara nao huzuia hewa iliyo mbele yake, na kwa kuwa mabawa ni matatu, mtambo mzima hupata mshtuko mara tatu katika kila mzunguko.

Mwaka 1924 Wilfred Campbell, mhandisi wa kampuni ya General Electric aliyekuwa akichunguza kupasuka kwa magurudumu ya mitambo ya mvuke, alibuni mchoro ambao hadi leo huitwa kwa jina lake. Kwenye mstari wa chini huwekwa kasi ya mzunguko. Kwenye mstari wa wima huwekwa masafa. Masafa asilia ya bawa huchorwa kama mikondo inayopanda taratibu kadiri kasi inavyoongezeka, kwa sababu ya ukakamavu ulioelezwa hapo juu. Midundo ya mzunguko huchorwa kama mistari iliyonyooka inayoanzia kwenye sifuri. Mahali mkondo na mstari vinapokutana ni kasi ya hatari. Mbuni huhakikisha kwamba mtambo haufanyi kazi hapo, au kwamba mfumo wa udhibiti unaivuka kasi hiyo haraka bila kukaa.

Nafasi iliyopo kati ya mistari hiyo huwa finyu. Maabara ya Taifa ya Nishati Jadidifu ya Marekani ilitoa mwaka 2009 maelezo kamili ya mtambo wa mfano wa megawati 5, ambao haukujengwa lakini hutumiwa na watafiti duniani kote kupimia programu zao. Bawa lake lina urefu wa mita 61.5 na uzito wa kilo 17,740. Mtambo huo huzunguka kati ya mara 6.9 na 12.1 kwa dakika. Kwa hiyo mdundo wa mara tatu kwa mzunguko huanzia hezi 0.35 na kuishia hezi 0.6. Mnara wake hutetemeka kwa hezi 0.32, chini kidogo tu ya mdundo huo. Bawa lake, likiwa limesimama, hutetemeka kwa takriban hezi 0.67, juu kidogo tu ya mdundo huo. Pande zote mbili, umbali uliobaki ni takriban asilimia 10. Modeli inayokosea kwa kiwango hicho haiwezi kuaminika, hata kama michoro yake inapendeza kwenye skrini.

Kwa mtambo huohuo, nguvu inayovuta bawa nje linapozunguka kwa kasi ya juu ni zaidi ya mara tatu na nusu ya uzito wa bawa lenyewe. Mtambo ukifanya kazi bila kusimama, bawa litapitia zaidi ya mizunguko milioni sita kwa mwaka na zaidi ya milioni 120 kwa miaka 20. Nyuzi za kioo na gundi ya resini zinazounda bawa huchoka kama waya unaopindwa huku na huku. Kila kosa dogo la kukadiria mtetemo huzidishwa kwa mamilioni hayo.

Ukubwa wa mitambo unaongeza ugumu. Bawa likikuzwa kwa umbo lilelile, urefu ukiwa mara mbili uzito huwa mara nane. Mkazo unaotokana na upepo haubadiliki sana, lakini ule unaotokana na uzito wa bawa huongezeka sambamba na urefu, na ndiyo sababu mabawa marefu hutengenezwa kwa nyuzi za kaboni ili kupunguza uzito. Mwaka 2019 bawa la mita 107 lilikamilishwa katika kiwanda cha Cherbourg, Ufaransa. Bawa la namna hiyo hupinda kwa mita kadhaa, na hujisokota huku likipinda. Kujisokota kukibadilisha pembe inayokutana na upepo, nguvu ya upepo nayo hubadilika, na mtetemo unaweza kujilisha wenyewe. Milinganyo ya Euler na Bernoulli, hata ikiongezewa kanuni ya Southwell, haitoshi hapo. Wahandisi hutumia nadharia zinazofuata umbo halisi la boriti lilivyojipinda, bila kukisia kwamba kupinda ni kudogo. Programu mojawapo yenye nadharia hizo, OpenFAST, hutolewa bila malipo, na mwanafunzi wa uhandisi wa Nairobi au Dar es Salaam anaweza kuipakua na kuuiga mtambo wa megawati 5 kwa kompyuta yake mwenyewe.

Mwananchi anaweza kuuliza kwa nini bawa lisijaribiwe tu, badala ya kutegemea hesabu. Hujaribiwa. Kiwango cha kimataifa cha IEC 61400-23 kinaeleza namna ya kupima bawa zima: hufungwa kwenye ukuta mzito wa zege, huvutwa kwa kamba za chuma hadi kiwango cha dhoruba, kisha hutikiswa mamilioni ya mara kwa muda wa miezi. Jaribio hilo ni kali na la lazima. Lakini bawa lililo ukutani halizunguki. Nguvu ya kuvuta nje haipo, hivyo ukakamavu wa mzunguko haupimwi. Linachothibitisha jaribio ni masafa ya bawa lililosimama na uimara wa malighafi yake; namna litakavyotenda likiwa juu ya mnara huko Marsabit hutoka katika modeli pekee, mpaka siku mtambo unapowashwa na vipimo vya kwanza kusomwa. Kwa sababu hiyo kiwango kingine, IEC 61400-1, hudai hesabu za hali nyingi tofauti, zikiwemo dhoruba, kukatika kwa umeme wa gridi na kusimamishwa kwa dharura, na pia nafasi ya kutosha kati ya ncha ya bawa na mnara katika hali hizo zote.

Baadhi ya mambo yanayowashangaza wakazi wa jirani na mitambo hii yanapata maelezo hapa. Mitambo ya aina iliyoko Loiyangalani na Ngong husimama yenyewe upepo unapofikia mita 25 kwa sekunde, na mabawa hugeuzwa ili makali yake yaelekee upepo. Watu huuliza kwa nini mtambo umesimama wakati upepo ni mwingi kuliko siku zote. Jibu ni kwamba nguvu zilizo nje ya kiwango hicho hazina faida ya kutosha kulipia mkazo unaoletwa kwa bawa. Mtambo unapowaka pia hauachwi uzembee kwenye kasi yoyote, bali huvushwa haraka katika zile zilizowekewa alama kwenye mchoro wa Campbell.

Masafa hayohayo hutumika baadaye katika matengenezo. Bawa lenye ufa au lililoachana gundi hupoteza sehemu ya ukakamavu wake, na masafa yake hushuka. Vipima mtikisiko vilivyofungwa ndani ya mabawa husoma masafa hayo mfululizo na kuyalinganisha na yale ya mabawa mawili yaliyobaki kwenye kitovu kimoja. Bawa moja likianza kutofautiana na wenzake kwa kasi ileile ya mzunguko, mtambo husimamishwa na fundi hushushwa kwa kamba kulikagua, mara nyingi kabla ya ufa wowote kuonekana kutoka chini.